Mtani Wangu Rubani na Madeli ya Pweza

Nikisikia mlio wa ndege natoka nje, hata kama nina mwiko mkononi. Wajukuu wananicheka. Hapa Lindi hazipiti nyingi, na nyumba yangu iko upande wa Kikwetu, kulipo na uwanja, kwa hiyo kila inayotua napata kuiona tumbo. Naangalia magurudumu, nasikiliza injini mpaka izimwe, halafu narudi jikoni nakuta mboga imeshika chini. Aliyewaambia kwamba kustaafu ni kupumzika hakuwahi kufanya kazi ya uwanja wa ndege. Mimi mpaka leo siwezi kumaliza kikombe cha chai bila kusimama kuchungulia mawingu.

Nimesikia wapo vijana wa Lindi na Kilwa wanaosomea kazi za viwanja, na wengine wameshavishwa vizibao vya kung'aa. Hongereni. Nami nilikivaa hicho kizibao miaka mingi pale uwanja wa Kilwa Masoko, katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi ambayo leo haipo. Ubavuni iliandikwa jina refu la Kiingereza. Watu wa Masoko hawakuwa na muda nalo, wakaiita Kipanga, na sisi wenyewe tukaanza kuitikia hivyo kwenye simu. Ilikuwa na ndege mbili, baadaye moja: injini moja mbele, viti sita, na nyuma nafasi ya mizigo ambayo kila abiria aliamini ni yake peke yake. Cheo changu kilikuwa msimamizi wa kituo. Maana yake nilikata tiketi, nilipima watu, nilifagia, nilipika chai na nilifukuza mbuzi.

Nianze na mzani, kwa sababu huo ndio utakaowagombanisha na watu. Ndege ndogo haijui heshima ya mtu, inajua kilo. Kila anayepanda lazima apimwe, yeye na mzigo wake. Sasa jaribu kumwambia mama mtu mzima wa Kivinje, amejitanda baibui lake la safari, mkwewe amesimama nyuma yake, apande juu ya mzani kama gunia la ufuta. Mwanzoni nilikuwa na mwenzangu mmoja kutoka bara, kijana mwenye sauti nzuri, akawa anasoma kilo za abiria kwa nguvu ili mimi nisikie dirishani. Siku moja akazisoma za mama mmoja mkubwa wa mji. Yule mama alishuka, akachukua begi lake, akaenda kupanda basi, na ukoo wake wote haukukanyaga tena ndege yetu.

Baada ya hapo niligeuza uso wa mzani unitazame mimi, na nikaweka sheria kwamba hakuna kupanda mikono mitupu. Mtu anapanda na begi lake mkononi. Nikishasoma namwambia, "Bibi, hili begi umepakia mawe?" Naye anacheka, anasema ni vizawadi vya wajukuu. Lawama imekwenda kwa begi, kilo nimezipata, na heshima yake imebaki palepale ilipokuwa.

Halafu kuna wanaoficha. Mwenye kitu chini ya baibui au ndani ya koti hainami. Ukimshuku, dondosha kalamu mbele yake. Watu wetu wana adabu, mtu mzima akidondosha kitu wanakimbilia kuokota. Asiyeinama ana sababu. Nimedondosha kalamu nyingi katika maisha yangu. Nimekamata nazi, nimekamata unga wa muhogo, na mara moja jogoo mzima, tena mtulivu kuliko mwenyewe.

Vitabu vyenu vitawaambia kwamba uwanja una uzio. Wetu ulikuwa na njia. Wanawake walipita katikati yake kwenda shambani tangu kabla ndege haijajulikana, na ukiwakataza wanakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Sikuwakataza. Nilikwenda kukaa nao, tukakubaliana kuhusu filimbi: nikipiga mara moja ndege iko njiani, malizia kuvuka, nikipiga mfululizo, rudi ulikotoka. Hakuna aliyewahi kuvunja hayo makubaliano. Na Ijumaa mchana sikuruhusu ndege itue hata angekuwemo nani, kwa sababu saa hiyo watu wanakwenda msikitini, na mtu anayeiwahi hotuba haangalii juu.

Sasa niwaambie habari za Kapteni Chilumba. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye kampuni na ndiye aliyekuwa rubani. Myao wa Masasi. Mimi ni Mmwera, kwetu Milola. Kwa nyinyi mliolelewa na simu, nieleze kidogo: Wayao na Wamwera ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote, mbele ya yeyote. Anaweza kuchukua nyama kwenye sahani yako. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke bila kupenda. Huna ruhusa ya kukasirika, na ukikasirika utachekwa wewe.

Wiki yangu ya kwanza kazini aliteremka kwenye ndege, akanitazama kuanzia viatu mpaka kilemba, akauliza kabila langu. Nikamwambia. Akawageukia wenzangu.

"Ficheni mizigo," akasema. "Hawa wakikosa ming'oko, mizizi yao ya porini, wanakula mpaka mikanda ya viti."

Hakuna mwenzangu aliyethubutu kucheka, maana huyo ni bosi na mimi ni mgeni. Nikamwambia, "Na wewe Myao wa Masasi, bahari umeiona lini? Kuogelea hujui, halafu unajitia kuvusha watu maji kwa hewani."

Alicheka mpaka akaegemea bawa. Kuanzia siku hiyo ikawa matusi asubuhi na matusi jioni. Alinizidi umri kwa mbali, lakini sikumpa shikamoo hata siku moja, wala yeye hakuitarajia. Salamu yangu ilikuwa, "Myao, bado hujaanguka?" Na yake, "Nitaangukaje na njaa yako inanivuta chini?"

Mtu wa tatu ni Fundi Joakimu, Mmakonde wa Newala, mtu wa kanisa, mpole, mwenye mikono ya dhahabu. Joakimu angeweza kukusikilizia injini akakuambia kinachokuja kuharibika wiki ijayo. Kasoro yake moja: hakuweza kumwambia mkubwa "hapana". Akiona tatizo alikuwa analiambia gurudumu, kwa sauti ya chini, huku anafuta mikono. Halafu anakuja kwangu.

"Mama Somoe," ananiambia, "hebu mtanie Kapteni kuhusu tairi la kushoto."

Nami nakwenda. "Myao, tairi lako lina upara kama wewe. Leo unatua, au unateleza mpaka Kivinje?" Kapteni anacheka, ananirudishia tusi, halafu anazunguka taratibu kama hana haja, anainama kulitazama tairi. "Joakimu, badilisha." Yamekwisha. Hakuna aliyeaibishwa, hakuna aliyeogopa. Nasikia siku hizi makampuni makubwa yanawapeleka watu kozi kujifunza namna ya kumwambia rubani ukweli. Kwetu kozi ilikuwa utani, na kwa miaka mingi ilitutosha.

Kisha vyuma vikakaza, fedha zikaadimika. Nyinyi mnalisema hilo neno kwa mzaha. Sisi tulilisikia likilia kama mlango wenye kutu. Kwanza walipungua watalii wa kwenda kuona magofu ya Kisiwani. Wakafuata wale wa kuvua samaki kwa ndoano kwa kujifurahisha. Wa gesi ya Songo Songo wakaanza kuulizana kama kuna haja ya ndege na boti ipo. Watu wa korosho, ambao mwaka wa neema walipanda ndege kwa maringo tu, wakarudi kwenye mabasi na simu. Ndege moja ikauzwa. Iliyobaki Kapteni akaihamishia Masoko ilale kwetu, maana kuilaza Dar es Salaam kulikuwa kunammaliza.

Hakuna kitu kinachochosha kama uwanja usio na ndege ya kungoja. Ukifanya kazi unachoka mwili, unalala. Usipofanya, unachoka kitu ambacho hakilaziki. Kapteni alikuwa hakai. Alifuta kioo cha mbele, akimaliza anakifuta tena. Alizunguka ndege anaigonga ubavuni kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Joakimu alifungua vitu vizima akavifunga. Mimi nilikunja maboya ya abiria, nikayakunjua kuona kama nimeyakunja sawa. Simu ikilia tulikuwa tunainuka wote watatu, na mara nyingi alikuwa ni mtu anauliza kama tunanunua mkaa.

Kila Jumatatu Kapteni alikuja na wazo jipya. Tutapeleka wagonjwa. Tutapeleka misiba. Tutapeleka maharusi. La maharusi lilitokea kweli, mara moja, bibi harusi wa kwenda Mafia. Alikuja na somo wake, mashangazi, wadogo zake na ngoma mbili. Nikauliza nani anabaki. Kila mmoja akamtazama mwenzake, halafu shangazi mkubwa akaketi kivulini chini ya bawa, akasema ndege haitaondoka bila yeye, na kama ni uzito basi abaki bibi harusi. Kapteni akachuchumaa mbele yake, akambembeleza, akamwahidi kumrudia. Akamrudia kweli, safari nzima kwa ajili ya mtu mmoja na ngoma mbili. Faida ya harusi ile iliishia hewani, lakini Kapteni alirudi anacheka, na siku zile kicheko kilikuwa adimu kuliko mafuta.

Ndipo akapatikana mnunuzi wa pweza. Nyinyi wa Kilwa mnajua, bahari ikitoka wakati wa bamvua, kina mama wanaingia mwambani kuchokoa pweza, na pweza wetu hana mpinzani. Huyu bwana alikuwa na wateja Dar, mahoteli yanayotaka pweza aliyetoka majini asubuhi. Alitaka kujaribu safari moja. Mzigo ukifika mbichi kabla ya mchana, angetukodi kila bamvua kwa msimu mzima, na msimu baada ya huo.

Kapteni alituita mimi na Joakimu, akatuambia akiwa amesimama, mikono mfukoni. "Pweza akikubali, tunaishi. Akikataa, nauza ndege." Hakuweka tusi hata moja ndani ya maneno hayo. Nilingoja alitie, hakulitia. Usingizi ulinipotea siku zile. Nilikuwa na watoto shuleni, Joakimu alikuwa anajenga, na Kapteni alikuwa ameweka kila alichonacho ndani ya lile bati lenye mabawa.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe mvua ikanyesha. Asubuhi nikatembea uwanja wote, kama ninavyowaagiza nyinyi mtembee, kwa miguu, siyo kwa pikipiki. Unapiga kisigino chini. Kisigino kikirudi, ardhi iko sawa. Kikibaki, hapo gurudumu nalo litabaki. Mwisho wote wa kusini kilirudi. Katikati, mahali pa kama viwanja viwili vya mpira, kilizama kidogo. Siyo sana. Nikamwambia Kapteni, naye akaenda kupiga kisigino chake, akasema, "Tukiwa ndani ya uzito wetu, itatoka." Na kweli, ndani ya uzito wetu ingetoka.

Madeli ya pweza, yale masanduku ya plastiki yenye vifuniko, yakaja kwa guta la magurudumu matatu, na kina mama wenyewe wakiyafuata nyuma. Aliyewaongoza alikuwa Bi Hadija, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, mtu wa mwambani tangu akiwa msichana. Nikapima deli moja moja. Nikampima mnunuzi na msaidizi wake, na mabegi yao mikononi. Tukajumlisha, tukawa chini kidogo tu ya pale tunapotakiwa kukomea. Joakimu akapanga mizigo. Nikamwacha, nikaenda na filimbi yangu kuondoa mbuzi upande wa pili.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mnunuzi, akishapimwa, alikuwa amerudi mjini kunywa supu. Jua likaanza kupanda. Kina mama wakatazama madeli yao yamekaa ndani ya ndege, wakaingiwa na wasiwasi. Pweza wa Kilwa afike Dar ananuka? Watu wa mahoteli waseme nini? Bi Hadija akamtuma mwenye guta kwenye barafu, na Joakimu alipokwenda kuchota mafuta, wakafungua kila deli wakalijaza barafu mpaka kifuniko kikawa kinafungwa kwa kukaliwa. Na kwa kuwa mgeni haondoki Kilwa mikono mitupu, wakamwekea na zawadi: kiroba cha nazi na kingine cha madafu, nyuma kabisa, mkiani, ambako waliona pana nafasi. Walifanya vile walivyolelewa. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anafanya kosa.

Niliporudi, mnunuzi alikuwa ameshafika na ameshakaa mbele, kando ya Kapteni. Msaidizi yuko nyuma yao. Milango imefungwa. Joakimu alikuwa amesimama mbele ya ndege anatazama mguu wa gurudumu la mbele. Niwafundishe na hili. Mguu ule una sehemu inayong'aa, chuma kinachoingia ndani ya kingine. Ndege ikikaa sawa, unaona king'aro cha upana wa vidole vichache. Nyuma kukizidi, pua inanyanyuka, mguu unanyooka, king'aro kinarefuka. Siku ile kilikuwa kirefu kama kiganja changu na zaidi.

Joakimu akanijia anafuta mikono. Mikono yake ilikuwa mikavu.

"Mama Somoe," akasema kwa sauti ya chini, "hebu mtanie Kapteni."

Bi Hadija akaniambia kwa furaha yote kuhusu barafu na nazi. Nikaenda dirishani kwa Kapteni.

"We Myao, umepakia pweza au umepakia Masasi nzima? Mkia unalamba udongo."

Akacheka. "Mmwera, umeona chakula kinaondoka, roho inakuuma."

Mnunuzi naye akacheka. Nikaongeza, "Wamejaza barafu baada ya mzani, na madafu juu. Ukitumbukia baharini nani atakuokoa, na kuogelea hujui?"

"Nitaelea na madafu," akasema, na akafunga kidirisha.

Mnunuzi alicheka tena. Mimi nilikuwa nimeyaona macho ya Kapteni, na macho hayakucheka. Alikuwa amenisikia. Kila neno alilisikia. Lakini nilikuwa nimempa neno hilo kwa namna ambayo mtu anaweza kulicheka akaendelea na safari, na asubuhi ile alihitaji sana kuendelea na safari. Utani uliotulinda miaka yote ulikuwa umempa mlango wa kupita. Joakimu alikuwa amesogea nyuma, anatazama chini. Kina mama walikuwa wanapunga mikono.

Niliogopa, na sioni haya kulisema. Niliogopa kwamba itaanguka. Niliogopa pia kwamba haitaanguka, kwamba nitamzuia bure na watoto wangu watarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, kwa sababu ya mdomo wangu. Hofu zote mbili zilinishika kwa pamoja, na Kapteni akawa ameshika ufunguo.

Nikagonga kidirisha. Akakifungua, tayari ana tusi mdomoni.

"Shikamoo, Kapteni," nikamwambia.

Tusi likaishia hapohapo. Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Nyuma kumezidi," nikasema. "Katikati ya uwanja ni tope, na jua limepanda, hewa ni nyepesi. Nakuomba ushuke, baba."

Mnunuzi alimtazama, kisha akanitazama mimi, kicheko kikiwa bado kimemning'inia usoni. Kapteni akavua hedifoni, akazitundika. Akatoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati.

"Marahaba," akasema, na akashuka.

Tukateremsha kila kitu, tukapima upya. Kilichokuwa kimezidi ni sawasawa na mtu mzima mwingine na begi lake la safari. Kapteni akapendekeza safari mbili. Mnunuzi akapiga simu, akasikiliza, akatikisa kichwa. Safari mbili hazikuwa na maana kwake. Kulikuwa na lori lenye jokofu linarudi tupu kutoka Mtwara, lilikuwa limefika njia panda ya Nangurukuru. Kabla ya adhuhuri pweza wote walikuwa wanakwenda Dar kwa barabara, na barafu yao. Hakuwa mtu mbaya. Alituaga wote kwa mkono, akachukua nazi zake, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Bi Hadija alinishika kizibao. "Mama Somoe, tumekosea nini? Tumeongeza barafu tu."

Nikamwambia hakukosea, kwamba mwenyeji yeyote angefanya hivyo. Lilikuwa jibu la kweli na halikumsaidia. Alikwenda zake akifuta uso kwa ncha ya mtandio, na wenzake wakimfuata.

Kapteni alibaki amesimama penye king'aro cha mguu wa mbele, ambao sasa ulikuwa umekaa sawa. "Nimewahi kuruka na zaidi ya hapa," akasema, hakumwambia mtu. Na ni kweli, amewahi. Joakimu analijua hilo na mimi nalijua.

Hapo ndipo pagumu katika kazi hii, wanangu, na hakuna atakayewaambia darasani. Ndege ikianguka utajua. Ikifika salama utajua. Uliyoizuia haikwambii kitu. Inabaki imesimama chini, nzima, inang'aa, na watu wanakutazama. Hutapewa ushahidi, na wala hutapewa pole. Unarudi nyumbani na swali lako unalipikia ugali.

Ndege iliuzwa kabla msimu wa korosho haujaanza. Akaja rubani mgeni kuichukua, mtu wa haraka, hata chai hakunywa. Nilipiga filimbi mara moja, njia ikawa wazi, ikaondoka nyepesi kama unyoya. Joakimu akarudi Newala, akafungua karakana ya mashine za kusaga. Kituo kikafungwa.

Lakini kilichoniuma kuliko hayo yote ni kingine. Tangu asubuhi ile Kapteni hakunitukana tena. Alianza kuniita mama. "Mama, naomba ufunguo wa stoo." "Ahsante, mama." Nikamchokoza, nikamwambia Wayao wamekosa mdomo siku hizi, alitabasamu kwa adabu kama mtu wa benki. Siku ya kuagana alinipa mkono, akanishukuru kwa utumishi wangu. Ningependa zaidi anizabe kibao. Alikwenda zake Masasi kwenye mikorosho ya baba yake, na mimi sikumpigia simu. Ningemwambia nini? Mimi ndiye niliyegonga kile kidirisha.

Miaka ikapita. Ramadhani iliyopita nilikuwa Milola kwa dada yangu, tunamenya muhogo wa futari, simu ikaita namba nisiyoijua.

"We Mmwera," sauti ikasema, "bado hujafa? Nani anakulisha?"

Nikaweka kisu chini. Nilitaka kumrudishia, miaka yote hiyo nilikuwa nimeyaweka matusi ya kumtosha, na hakuna hata moja lililokuja.

"Nina swali," akasema. "Siku ile ungeniacha, ingeruka?"

"Sijui, Myao," nikamwambia.

"Na mimi sijui." Nikamsikia anavuta pumzi. "Huwa nairusha usingizini. Mzigo uleule, tope lilelile. Siku nyingine inanyanyuka, tunapita juu ya minazi, yule bwana ananipongeza. Siku hizo naamka nakuchukia mpaka saa nne. Siku nyingine hainyanyuki."

Dada yangu alikuwa ananitazama, ameacha kumenya.

"Jana haikunyanyuka, Mmwera," akasema. "Nimeamka, nimezunguka nyumba nzima namgusa kila mtu kichwani. Ndiyo nikakutafuta."

Nikamwambia ahsante. Halafu tukatukanana mpaka salio lake likaisha.